Umaskini Wapimwa kwa Gorogoro ya Nani?

Ndugu wanachama, na ninyi wafanya kazi wengine mnaosoma karatasi hii kwa kupokezana,

Safari hii twataka kusema juu ya hesabu. Twajua ya kuwa wengi wakiona ukurasa wenye tarakimu huupita upesi wafikie habari za mikutano. Twawaomba mvumilie, kwa maana hesabu hizi ndizo ziletwazo mezani siku ya kuzungumza mishahara, na mtu asiyezijua hana la kujibu ila kuomba huruma. Chama hakikuundwa ili kiombe huruma.

Neno lenyewe ni hili: mstari wa umaskini. Wajumbe wa wafanya kazi waombapo nyongeza, hakosi bwana mmoja wa upande wa pili kufungua faili na kusema, "Lakini watu wenu si maskini. Wako juu ya mstari wa umaskini." Hapo wajumbe hutazamana. Sisi watu wa reli twajua njia ya chuma: upana wake ni mita moja, na mtengenezaji wa njia akiutilia shaka huweka kipimo juu yake, na ubishi ukaisha. Mstari huu mwingine hauonekani kwa macho. Ulichorwa na nani, kwa kipimo gani, na mtu aliye juu yake kwa shilingi moja ameokoka na nini?

Hapa Ziwa vipimo si jambo geni. Kila mwenye kulima mahindi aijua gorogoro, lile kopo la kilo mbili. Wakati wa mavuno huja mnunuzi na kopo lake ambalo chini limepigwa nyundo likatokeza tumbo nje, na gunia lako likapungua mbele ya macho yako. Mwezi wa Mei, ghala zikiwa tupu, mtu huyo huyo hukuuzia kwa kopo jingine, ambalo chini limebonyea ndani. Mahindi ni yale yale. Basi hata umaskini una kopo lake, na yafaa tuligeuze tulitazame chini.

Kopo hilo lina historia ndefu. Mwaka 1899 katika mji wa York, Uingereza, Seebohm Rowntree, mwana wa tajiri mwenye kiwanda cha chokoleti, aliuliza habari za nyumba za wafanya kazi, moja moja: kinaingia nini, na kinatoka nini. Kitabu chake kilitoka mwaka 1901. Alihesabu chakula cha kuupa mwili nguvu ya kazi, kodi ya nyumba, nguo, na moto wa kupikia, wala hakutia mengi zaidi. Yeye mwenyewe alieleza wazi kwamba jamaa inayoishi kwa hesabu ile haiwezi kulipa nauli ya treni, wala kununua gazeti, wala kumpelekea barua mtoto aliye mbali, wala kutoa sadaka kanisani. (Watu wa reli na waiangalie hiyo nauli ya treni.) Juu ya hayo aliona ya kuwa zaidi ya robo ya watu wa mji ule walikuwa katika umaskini. Tena aliona neno lililowachoma matajiri wa siku zile, ambao walizoea kusema maskini ni mlevi au mvivu. Katika wale wasiofikia hata kile kipimo chembamba, zaidi ya nusu yao sababu ilikuwa moja: mkuu wa nyumba yuko kazini kila siku, lakini ujira wake hautoshi.

Kipimo hicho kikasafiri. Katika miaka ya 1940 Profesa Edward Batson wa Cape Town alikitumia Afrika ya Kusini, naye hakuficha kwamba ndani yake hamna nafasi ya burudani, wala elimu, wala akiba. Kutoka huko kikafika Kenya, mahali ambapo mshahara wa Mwafrika ulikuwa unahesabiwa kama kwamba kila mwanamume ni kapera. Mkewe na watoto wake, walisema, wako kijijini na shamba litawalisha. Watu wa Mombasa walijibu hoja hiyo mwezi wa Januari 1947 kwa mgomo ulioshika bandari, reli na kazi nyingine nyingi za mji.

Mwaka 1954 ikatoka taarifa ya kamati iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter, Kamishna wa Kazi. Kamati ile ilisema ya kuwa karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini katika kazi za watu binafsi, na karibu robo ya wale wa kazi za umma, walipata mishahara isiyotosha mahitaji ya lazima ya afya, heshima na nguvu ya kazi. Haya hayakuandikwa na mchochezi. Yaliandikwa na kamati ya serikali ya kikoloni, wakati wa Hali ya Hatari. Kamati ikashauri mshahara wa chini uhesabiwe kwa mtu mwenye mke na watoto, wala si kwa kapera. Tafadhali likumbukeni shauri hilo, maana tutalirudia.

Katika reli yenyewe siku hizo hapakuhitajiwa mtaalamu wa kupima tofauti ya watu. Mishahara ilipangwa kwa rangi tatu, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na ilikuwa imeandikwa kitabuni kila mtu akaisoma. Mpango huo ulianza kuondolewa vitabuni katikati ya miaka ya 1950. Tofauti ya leo haina rangi, na ndiyo maana ni kazi kuionyesha kwa kidole.

Baada ya Uhuru wakaja wageni wengine. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilileta jopo lililoongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, na taarifa yao ilitoka mwaka 1972. Walikuja kwa shauri la ukosefu wa kazi. Waliona kwamba, zaidi ya watu wasio na kazi, shida kubwa ya Kenya ni watu wenye kazi, tena kazi ya jasho ya saa nyingi, ambao wabaki maskini. Ni neno lile lile la York, miaka 73 baadaye.

Sasa tuje kwenye mstari wa siku zetu. Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, lilipima nyumba za nchi nzima mwaka 2015/16, likaweka mstari: Sh. 3,252 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja kijijini, na Sh. 5,995 mjini. Aliyetumia chini ya hapo alihesabiwa maskini. Katika hizo za kijijini, Sh. 1,954 zilikuwa za chakula, kilichopimwa kimpe mtu mzima kalori 2,250 kwa siku.

Lakini angalieni neno "mtu mzima". Watoto hawahesabiwi kama sisi. Mtoto ambaye hajatimiza miaka mitano huhesabiwa 0.24, yaani hafiki hata robo ya mtu. Wa miaka 5 mpaka 14 huhesabiwa 0.65. Kuanzia miaka 15 ndipo anakuwa mtu kamili. Twaelewa sababu yake: mtoto mdogo hali chakula kingi. Hata hivyo mama yeyote aliyekesha na mtoto wa miaka miwili mwenye nimonia, kisha akalipia dawa asubuhi, atacheka akisikia kwamba alikuwa akimuuguza robo mtu.

Tuipime nyumba moja ya hapa kwetu. Mume, mke, mama mzee wa mume, na watoto watatu wa miaka 3, 8 na 12. Vichwa ni sita, lakini kwa hesabu ya takwimu ni watu 4.54. Zidisha kwa 3,252, utapata Sh. 14,764 kwa mwezi. Nyumba hiyo ikitumia Sh. 20,000 basi si maskini, imeuvuka mstari kwa zaidi ya elfu tano. Sasa baba apewe uhamisho, jamaa ihamie Eldoret, mji uliopata hati ya kuwa jiji mwezi wa Agosti 2024. Huko mstari wao, kwa hesabu hiyo ya 2015/16, ni Sh. 27,217. Kwa shilingi zile zile elfu ishirini wanakuwa maskini mara tu lori linaposhusha vitanda.

Hatusemi ni ujinga kutofautisha mji na kijiji. Mjini kuna kodi, na maji yanunuliwa. Tena mahindi unayokula kutoka shambani mwako na maziwa ya ng'ombe wako huhesabiwa kama matumizi hata kama hukutoa senti, na hiyo ni haki. Shida ni kwamba wengi wetu hatuko huku wala kule. Mtu apangaye chumba hapa sokoni, asiye na shamba wala ng'ombe, hununua unga kama mtu wa mjini, lakini hesabu yake huenda ikafanywa kwa kopo la kijijini.

Sasa tuwatazame ndugu zetu wa mashambani, ambao wengi hawana chama cha kuwasemea. Kwa amri ya mishahara iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024, kibarua wa shambani asiye na ufundi aliwekewa mshahara wa chini wa Sh. 7,997.33 kwa mwezi. Mwajiri akilipa hivyo hakuvunja sheria. Chukua kibarua mwenye mke na watoto wawili, mmoja wa miaka 3 na mmoja wa miaka 8. Kwa takwimu hao ni watu 2.89, na mstari wao wa kijijini ni Sh. 9,398. Basi mtu aliyefanya kazi mwezi mzima, akalipwa sawasawa na sheria ya nchi, bado apungukiwa Sh. 1,400 kufikia mstari wa umaskini wa nchi hiyo hiyo. Nao mstari tuliotumia ni wa bei za 2015/16, mshahara ni wa mwaka 2024. Kila mtu aliyenunua unga, sukari na mafuta ya kupikia katika miaka hiyo aweza kujaza mwenyewe pengo lililobaki.

Tutaambiwa, "Mke naye afanye kazi." Afanya. Apalilia kwa watu, akama ng'ombe, auza mboga, na jioni aenda mtoni. Lakini ikiwa mshahara wa chini wategemea jasho la mke ndipo nyumba ifikie mstari, basi na isemwe waziwazi kwamba ni nusu mshahara. Hoja hiyo ni ya kapera yule yule wa zamani, iliyokataliwa na kamati ya 1954, nasi twaiona imerudi kupitia mlango wa nyuma ikiwa imevaa suti.

Wala mtu hali mshahara ulioandikwa juu ya karatasi. Hula kinachobaki. Tangu mwaka 2024 kuna makato ya 2.75 katika kila 100 kwa afya, na 1.5 katika kila 100 kwa nyumba, na NSSF juu yake. Hatubishi hapa kama makato hayo ni mema au mabaya, hilo ni la toleo jingine. Twasema tu kwamba anayetaka kujua kama mtu ni maskini na atazame chini kabisa ya karatasi ya mshahara, si juu.

Kuna jambo jingine ndani ya kopo, nalo kwa maoni yetu ndilo tumbo lililobonyea. Toa Sh. 1,954 za chakula katika 3,252 za kijijini, zabaki 1,298. Hizo ndizo za nyumba, nguo, sabuni, taa, nauli, dawa, shule na mazishi: kama shilingi 43 kwa siku. Zilipatikanaje? Hakuna aliyekaa akauliza binadamu ahitaji nini ili aishi kwa heshima. Wataalamu hutazama watu ambao matumizi yao ya chakula yako karibu na mstari wa chakula, wakaona watu hao hutumia kiasi gani kwa mambo mengine, basi hicho ndicho kikawa kiasi cha haki. Yaani ukitaka kujua viatu vya kutosha ni vingapi, wamuuliza mtu apekuaye. Ni njia inayotumika katika nchi nyingi, na yafaa kulinganisha mwaka na mwaka. Lakini haifai kumwambia mfanya kazi kwamba ametosheka. Kupima kina cha shimo ni kazi moja, kupanga urefu wa mshahara ni kazi nyingine, na bwana mwenye faili huzichanganya kwa sababu yampa faida.

Kwa hesabu hizo, mwaka 2005/06 watu 46.6 katika kila 100 wa Kenya walikuwa maskini. Mwaka 2015/16 walikuwa 36.1, na mwaka 2022 wakapanda hadi 39.8. Nairobi mwaka 2015/16 walikuwa 16.7 katika kila 100, Turkana 79.4. Na sisi wa Uasin Gishu, kaunti inayolisha nchi mahindi, tulikuwa 41, juu ya wastani wa nchi. Mtu akipita barabarani wakati mahindi yamesimama asingeamini, kwa kuwa hukutana na shamba tu, hakutani na mwenye shamba wala kibarua wake.

Tena kuhesabu vichwa tu huficha mengi. Mtu aliyepanda kutoka Sh. 3,250 hadi 3,260 ametolewa katika maskini, sherehe zikafanywa. Aliyepanda kutoka 1,000 hadi 2,500 bado ni maskini, hakuna aliyeona. Mwaka 1984 James Foster, Joel Greer na Erik Thorbecke walitunga njia ya kuhesabu si vichwa tu bali na umbali wa kila mtu chini ya mstari, hata aliye mbali zaidi azidi kupewa uzito. Leo dunia nzima yaitumia. Na mfano wao wa kwanza waliuchukua kutoka nyumba za Nairobi. Twapimwa sana, ndugu zangu, hata tukawa somo la vyuo.

Hayo ni ya aliye chini. Na aliye juu je? Umaskini hutazama sakafu tu, tofauti ya mali hutazama sakafu na dari. Kipimo kitumikacho chaitwa Gini, kwa jina la Mwitaliano Corrado Gini aliyekitoa mwaka 1912. Ugali ukigawanywa sawa kwa wote wa mezani, Gini ni 0. Mmoja akila wote na wengine wakitazama, ni 100. Benki ya Dunia iliiandikia Kenya 40.8 kwa mwaka 2015. Lakini tukumbuke kwamba hesabu hiyo ni ya matumizi, si ya mali. Tajiri hali mapato yake yote, maana tumbo lake si kubwa kuliko letu. Kinachobaki hununua ardhi, majumba na hisa, ambavyo haviingii katika hesabu. Na karani wa takwimu akifika kwenye lango la chuma lenye mbwa watatu, hagongi mara mbili. Kwetu sisi mlango hauna hata komeo, basi twahesabiwa hadi kijiko. J. M. Kariuki alionya juu ya Kenya ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi. Aliuawa mwezi wa Machi 1975. Onyo lake halikuhitaji Gini.

Kwa sababu hiyo twashauri wajumbe wetu waache kujibu hoja ya mstari wa umaskini kwa kulalamika. Wajibu kwa maswali. Ni mstari wa mwaka gani? Wa mjini au wa kijijini? Mmehesabu mshahara kabla ya makato au baada? Mmemhesabu mke kama mtu anayelishwa au kama kibarua asiyelipwa? Na la mwisho: mtu wa mshahara wa chini kabisa katika kazi hii yampasa afanye kazi miezi mingapi apate mshahara wa mwezi mmoja wa mkubwa wa juu kabisa? Hilo la mwisho laweza kuhesabiwa na mtoto wa darasa la nne, na ndilo lisilopendwa kujibiwa.

Lakini anayeuliza sharti naye awe na kopo lake mkononi. Kwa hiyo halmashauri ya tawi imekubali kila mwanachama apewe daftari kwa mwezi mmoja. Kila jioni iandikwe kilichonunuliwa na bei yake, hata kiberiti. Iandikwe pia kilichotoka shambani, kilichokopwa dukani, na kilichotakiwa kikakosekana kwa kukosa fedha. Hiki cha mwisho ndicho kisichopatikana katika takwimu yoyote tuliyoisoma. Daftari likae jikoni, kwa sababu bei ya unga wanaijua akina mama, si sisi. Jina la mtu lisiandikwe, ila kazi yake, idadi ya watu nyumbani na umri wao. Asiyejua kuandika na amsomee mtoto wa shule aandike. Vibarua wa mashambani nao wakitaka kushiriki wapewe daftari, ingawa si wanachama.

Madaftari yapelekwe kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi ujao, na hesabu zitajumlishwa mbele ya mkutano wote, kwa sauti.